Gauni Lililochemshwa Mara Mbili

Herminia Dumlao aliitoa kabatini sufuria kubwa ya tambi, ile inayoonekana siku za harusi na za misiba tu, akaijaza maji nusu na kuiweka motoni. Maji yalipochemka alimimina chupa mbili za rangi nyeusi ya nguo na kikombe cha siki. Mvuke ukajaa jikoni, ukapanda hadi kwenye picha ya Moyo Mtakatifu iliyo juu ya friji. Kisha akalishika gauni jekundu kwa ncha za vidole, akalining'iniza juu ya sufuria kama mtu anayetaka kuchinja kuku aliyekwisha kumpa jina.

“Mama, ngoja kwanza,” alisema Lorelie.

“Ningoje nini? Ndege yako keshokutwa asubuhi. Kama una lako, sema kabla halijaingia.”

Lorelie alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake za mazoezi, mguu mmoja juu ya mwingine. Alichotaka kilikuwa kwamba mtu mwingine aseme ngoja, na mtu huyo alikuwa kaburini.

“Basi,” alisema Herminia, akalitumbukiza.

Ilikuwa siku ya ishirini na nne. Katika nyumba ile ya mjini Vallejo siku zilihesabiwa tangu asubuhi ile baba yake Lorelie, Eusebio Dumlao, alipoanguka kwa kiharusi kwenye maegesho ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu, amebeba maziwa ya moto ya binti yake, na binti mwenyewe yuko ndani anazunguka kwa mguu mmoja, hajui lolote. Kabla hata jeneza halijachaguliwa, mama yake Eusebio, Lola Saring, lola kwa lugha yao ni bibi, alipita chumba kwa chumba akiondoa kila chenye rangi nyekundu. Aliondoa mito ya kochi, taulo la jikoni na kalenda ya duka la samaki. Mswaki wa Herminia, kwa bahati mbaya, ulikuwa mwekundu, nao ukaenda. Mwaka mzima hakuna nyekundu.

“Anazunguka bado,” Lola alikuwa amesema siku alipolikuta lile gauni nyuma ya mlango. “Siku arobaini roho inazunguka, inapita kila mahali ilipokuwa inapita. Kule kwenye barafu si ndiko alikokuwa kila siku alfajiri? Sasa apite, amkute binti yake amejivalisha nyekundu kama mtu wa karamu. Atadhani nini? Atadhani tumefurahi.”

“Ninalo jeusi, Lola,” Lorelie alimwambia. “La mazoezi.”

“Vaa hilo. Tumemaliza.”

“Hatujamaliza,” Herminia akaingilia. “Hilo atavaa siku ya kwanza. Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Makwapani limepauka, Mama, linaonekana kama la kufagilia. Na vijiwe vya Eusebio vikae wapi?”

Hapo Lola alilitundika tena gauni nyuma ya mlango, kwa sababu hata yeye aliviona vikibandikwa. Gauni lilinunuliwa likiwa limeshavaliwa, likiwa tupu, kutoka kwa familia moja pale uwanjani. Tangu Juni mpaka Septemba, Eusebio, mtu aliyepika kwenye meli za jeshi miaka ishirini na ambaye mikono yake ilikuwa mipana kama vifuniko vya sufuria, alikaa kila jioni kwenye meza ya jikoni akibandika vijiwe vya kung'aa, vyeupe kama matone ya maji, kimoja kimoja, kwa kijiti cha meno na gundi. Hakutaka msaada. Mtu akikaribia, alisema, “Nenda kaoshe vyombo.” Waliosema mchezo ule si wa watu kama sisi walisema kwa adabu sana, na ndiyo maana Eusebio aliwasikia vizuri. Alibandika vijiwe. Mwezi wa Oktoba ulimkuta amebakiza sehemu ndogo kwenye bega la kushoto, nyuma, alikokuwa ameshaweka alama za chaki.

Kwa hiyo Herminia akatafuta njia ya katikati, akaipata mwenyewe, akajivunia: gauni liwe jeusi kwa ajili ya Lola, vijiwe vibaki kwa ajili ya Eusebio. Alikoroga kwa mwiko wa mbao kwa muda wa robo tatu ya saa, jasho likimtoka.

Alipolitoa na kulisuuza, vijiwe vyote vilikuwa mahali pake.

“Umeona?” akasema, macho yakimng'aa. “Mama yako anajua kupika kila kitu.”

Lorelie alitazama bega la kushoto. Alama za chaki zilikuwa zimetoka.

*

Asubuhi yake Lola Saring alilichukua gauni likiwa limekauka, akalipeleka dirishani. Alikuwa na miaka themanini na moja na mtoto wa jicho upande mmoja, lakini kwa kutafuta kosa macho yake yalikuwa mazima.

“Bado nyekundu.”

“Mama, ni nyeusi hii.”

“Njoo hapa. Simama hapa kwenye jua. Hii ni nini? Hii ni damu iliyokauka. Kule kuna taa kali, au mnacheza gizani?”

Herminia akaja, akalikunjua kwenye mwanga. Kweli, jua lilipopenya kitambaa, wekundu ulikuwepo chini, kama kaa lililofunikwa majivu.

“Nani ataona, Mama? Waamuzi wako mbali.”

“Simsemi mwamuzi. Mwamuzi hakuzaliwa na mimi.”

Herminia aliuma mdomo. Usiku ule alikuwa amewageuza wazee kumi na mmoja vitandani, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, na siku zake zote za likizo zilikwisha mazishini. Hata hiyo safari ya binti yake hangeweza kwenda. Angeweza kusema hayo. Badala yake aliitoa tena sufuria, akanunua chupa nyingine mbili, akaongeza moto. Safari hii hakukoroga robo tatu ya saa. Aliliacha likachemka saa moja na nusu.

Lilitoka jeusi kama masizi. Lola alilipeleka dirishani, akaligeuza, akalinusa pia, sijui kwa nini, kisha akalirudisha bila neno, na kwa Lola Saring hiyo ilikuwa pongezi. Vijiwe vilikuwa mahali pake. Hakuna aliyewaza gundi. Gundi inapolainika kwa moto na kukauka tena, haionyeshi kitu. Inashika kama mtu anayeshika mkono wako huku anatazama kwingine.

*

Mashindano ya kanda yalikuwa katika mji wa Boise. Wanne wa kwanza wangekwenda mashindano ya taifa. Wa tano angekwenda nyumbani. Lorelie alikuwa amewahi kuwa wa saba, kisha wa sita, na baba yake alikuwa amemwambia mwaka huu ndio wenyewe, akamwambia kwa namna ya mpishi anayesema mchuzi umeiva.

Siku ya kwanza, kwa programu fupi, ile ya mwanzo isiyofika dakika tatu, alivaa lile jeusi la mazoezi lililopauka. Alikuwa wa nne.

Jioni hiyo alikaa peke yake kitandani hotelini, na karatasi ya alama mapajani. Hakuna mtu nyumbani kwao aliyeweza kusoma karatasi zile isipokuwa Eusebio. Alijifundisha, kwa rula na kalamu ya bluu, kila herufi na kila nukta, na baada ya kila shindano hakuwasha gari mpaka amezisoma zote kwa sauti, mstari kwa mstari, huku Lorelie akila wali wa baridi kwenye kiti cha pembeni. “Hapa wamekuonea. Hapa wamekuhurumia. Hapa, mwanangu, hapa uliruka kweli.” Lorelie naye alijua kusoma. Lakini kujisomea mwenyewe kulikuwa kama kujipa mkono.

Asubuhi ya siku ya pili, kwenye mazoezi ya kuvaa gauni, aliinua mkono wa kulia na kitu kikasema tik kwenye barafu. Kocha Gail alikiona. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti refu, aliyemfundisha Lorelie tangu akiwa na miaka tisa na ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Alisubiri Lorelie akaribie ukingo, akafungua kiganja. Kijiwe kimoja.

“Hiki kimetoka wapi?”

“Sijui, Kocha.”

“Lorelie. Kitu cha nguo kikidondoka kwenye barafu unakatwa pointi moja. Unajua. Kikidondoka kimoja au hamsini, pointi moja. Na wewe na huyo wa tano mnapishana nukta.”

“Ni kimoja tu. Labda kilikuwa hakijashika.”

“Lile la jana umekuja nalo?”

“Ninalo.”

“Vaa lile.” Kocha akafunika kiganja. “Sikuamuru. Najua nani alibandika hivi. Lakini ungeniuliza mimi, vaa lile.”

Chumbani mwa kubadilishia nguo Lorelie alikaa na magauni mawili mapajani. Alivivuta vijiwe viwili vitatu kwa ukucha, vilikaa. Alivuta vingine vitatu, vilikaa. Akaanza kulikunja gauni jeusi lenye vijiwe, alirudishe begini, na pengine angelirudisha, na hadithi hii ingekuwa nyingine.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Paige, msichana wa uwanja wao, na mama yake nyuma akimbebea koti.

“Heee! Si lile gauni letu?” mama yake Paige alisema. “Paige, tazama, lile gauni lako! Jamani, mmelifanya nini? Lilikuwa jekundu zuri kweli.”

“Tumelitia rangi,” alisema Lorelie.

“Nyumbani?”

“Jikoni.”

“Ninyi mna mikono, kweli. Mimi hata kifungo sijui kushona. Nilimwambia Paige, usilitupe, kuna mtu litamfaa.”

“Mama,” alisema Paige.

“Si nasifu?”

Alikuwa anasifu. Hilo ndilo lililouma. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Lorelie alilitazama gauni. Lilikuwa la Paige msimu mmoja. Lilikuwa la Eusebio Dumlao jioni tisini, kiuno kimemkakamaa, miwani kwenye ncha ya pua. Akavua fulana yake mbele yao, bila kugeuka ukutani kama alivyozoea, akalivaa.

*

Jina lake lilitangazwa vibaya, kama kawaida. Alikwenda katikati, akasimama, kinanda kikaanza.

Mruko wa kwanza ulishika. Wa pili, ule wa kuunganisha miruko miwili, ulishika, na kutua kwake kulikuwa kwepesi hata yeye akashangaa, kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta ngazi imeshakwisha. Akaingia kwenye mzunguko, mikono juu, kasi ikaongezeka.

Tik. Tik, tik. Kisha kwa wingi, kama mchele unaomwagika sakafuni.

Alijua hapo hapo. Pointi imekwenda. Na kwa kuwa ilikuwa imeshakwenda, na haichukuliwi mara mbili, kitu kilimfunguka kifuani ambacho hakukitegemea. Tangu asubuhi ya maegesho alikuwa akiteleza kama mtu anayebeba bakuli la maji katikati ya watu. Sasa bakuli limemwagika. Alitoka kwenye mzunguko na kuanza kuteleza kama alivyokuwa akiteleza alfajiri, taa nusu zimezimwa, pasipo mtu isipokuwa mwanamume mmoja juu kabisa, karibu na mlango, kwenye joto, na chupa yake ya chai.

Hatari ilikuwa chini. Chuma cha kiatu kikigonga kijiwe, kinamtupa mtu kama gunia. Na vijiwe vilikuwa vyeupe, na barafu nyeupe, havikuonekana. Alivikwepa kwa kumbukumbu ya sauti: pale palilia vitatu, pale kwenye kona palilia kimoja. Alipita kati yake. Mruko wa tano, wa sita. Mruko wa mwisho ulikuwa katika kona ile ile, na hakuna mahali pengine pa kuupeleka, muziki haukumsubiri. Akaruka. Hewani palikuwa kimya. Akatua kwa mguu mmoja, mguu ukashika, ukachora upinde mrefu safi mpaka karibu na ukingo.

Kinanda kilipokoma watu wengine walisimama. Si wengi, lakini walisimama. Katika miaka tisa hakuwahi kuteleza vile, na kwa hakika hakuna mtu wa kwao aliyeona. Aliinua macho kwenye safu ya juu kabisa, karibu na mlango. Palikuwa na mtu mnene anakula viazi vya kukaanga na kutazama simu.

Ndipo alipohisi kitu cha uvuguvugu pajani. Jasho lilikuwa limeyeyusha rangi; mstari mweusi ulikuwa unashuka kwenye soksi ndefu zenye rangi ya ngozi, unafika gotini.

Mwamuzi mkuu aliashiria: barafu isafishwe. Wasichana wadogo wa kuokota maua yanayorushwa na watazamaji walitazamana. Lorelie akapiga magoti mwenyewe. Akaanza kuokota vijiwe kwa vidole vilivyokufa ganzi, akipapasa, huku umati ukiwa umekaa tena na kunong'ona, na mstari mweusi wa pili ukishuka. Kijiwe kimoja kimoja, kama baba yake, isipokuwa safari hii vilikuwa vinatoka.

Mtu akapiga magoti kando yake. Ni Paige, aliyefuata kwa zamu.

“Kule kuna vingine,” alisema Paige.

“Asante.”

“Nisije nikaanguka mimi,” Paige alisema. Kisha, bila kumtazama: “Uliteleza vizuri mno, Lorelie. Sijawahi kuona.”

Akammiminia vijiwe kiganjani, akainuka, akaenda kuanguka mara mbili.

Lorelie alikuwa wa tano. Aliyemtangulia alimzidi kwa pointi sifuri nukta tatu nane tu. Kocha Gail alikaa naye kwenye benchi kwa muda mrefu na hakusema nilikwambia. Alisema, “Sitasahau ile.” Kisha akaenda kumtafuta Paige, aliyekuwa akilia.

*

Alimpigia mama yake simu kutoka kwenye korido ya uwanja, kando ya mashine ya soda. Karatasi ya alama ilikuwa mkononi. Alikuwa ameisoma mara moja, kimya. Mstari kwa mstari ilikuwa karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na chini kabisa, kwenye makato, hapakuandikwa kuanguka. Paliandikwa nguo.

Herminia alipokea kabla simu haijalia mara mbili. Alikuwa kazini, amejificha stoo ya mashuka.

“Eeh, niambie. Niambie upesi, mwanangu, mzee wa chumba cha sita ananiita.”

“Wa tano, Mama.”

Upande wa pili mzee alikuwa anaita jina ambalo si la Herminia.

“Wa tano,” Herminia akarudia. “Ilikuwaje?”

Lorelie aliona jiko lao. Aliona mvuke, sufuria, mama yake akikoroga kwa mikono miwili baada ya zamu ya usiku. Aliona Lola dirishani. Alihesabu haraka nani angemlaumu nani, na kwa miaka mingapi, katika nyumba ya wanawake watatu.

“Nilianguka,” alisema.

“Wapi?”

“Mruko wa mwisho.”

“Umeumia?”

“Hapana.”

“Masikini mwanangu. Masikini.” Herminia alipumua. Kisha, kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari za mgonjwa: “Na gauni? Lilikaa?”

“Lilikaa vizuri, Mama. Watu walilisifu.”

“Nilijua! Nilijua mimi. Ile chemsha ya pili ndiyo iliyoshika. Nitamwambia Lola wako, atafurahi, hata kama hatasema. Kula kitu, eeh? Usilale na njaa.”

Simu ikakatika. Lorelie alibaki na simu sikioni muda kidogo, kwa sababu mtu aliyeshika simu haulizwi kitu na wapita njia.

*

Vijiwe vilivyookotwa vilikuwa hamsini na vinane. Alivirudisha mwenyewe, mchana mama yake akiwa kazini na Lola amelala, kwa gundi ya Eusebio iliyobaki na kijiti cha meno, mlango umefungwa. Ilimchukua siku nne. Wakati mwingine alikosea nafasi. Soksi zenye mistari myeusi alizitupa kwenye jalala la uwanjani.

Herminia alilikuta gauni kabatini, akalipitisha mkono kifuani na kiunoni.

“Unaona,” alisema. “Hata kimoja hakikutoka.”

“Hata kimoja,” Lorelie alisema.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Majirani walikuja na rozari na vyombo vya chakula, viatu vikarundikana mlangoni, sufuria kubwa ikarudi motoni na kazi yake ya kweli. Herminia alikuwa ameisugua kwa ndimu na chumvi, lakini duara la kijivu lilibaki ndani, na wanawake wakamtania kwamba tambi za leo nazo zimevaa msiba. Wakacheka, kisha wakakumbuka, wakaacha kucheka.

Habari ya kuanguka ilikuwa imeshafika kila mahali. Hakuna aliyempita Lorelie bila kumgusa bega.

“Pole, mwanangu. Kila mtu huanguka.”

“Mimi juzi nimeanguka bafuni, na sikupewa hata alama.”

“Wakati mwingine ushikilie ukuta, Lorelie! Kwani kuna ubaya gani ukishikilia ukuta kidogo?”

“Hukuanguka bure, dada, ulikuwa na huzuni. Miguu inajua.”

Alikuwa anasema asante. Alisema asante mara thelathini, anabeba sahani, anamimina juisi. Chumba kilikuwa na watu wanaompenda, kimejaa mpaka ngazini, na wote walikuwa wanamfariji kwa jambo ambalo halikutokea. Lile lililotokea lilibaki naye peke yake, na hakuwa na mahali pa kuliweka.

Sala ilipokwisha, Lola Saring aliandaa sahani ya marehemu, kama tunavyowaandalia wetu: wali wa kunata wenye nazi, yai la kuchemsha, kipande cha nguruwe, sigara moja, na pombe ya jini kidogo katika glasi ndogo. Aliiweka kwenye meza ya kona, mbele ya picha ya Eusebio na sare yake ya jikoni ya meli. Kisha akaenda kutafuta kiberiti cha mshumaa, akilalamika kwamba katika nyumba hii vitu vinatembea.

Lorelie alitoa karatasi ya alama mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Akainua sahani upande mmoja, akaitia chini yake.

Lola akarudi, akawasha. Watu wakanyamaza. Bibi kizee yule alisimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akasema na mwanawe kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu mezani.

“Eusebio. Njoo ule, mwanangu. Leo ndiyo mwisho wa kuzunguka, kesho uende zako, usitazame nyuma. Hapa tuko salama. Herminia anafanya kazi. Mimi bado sijafa. Binti yako alikwenda kule kwenye barafu, akaanguka.” Akaunyoosha mshumaa, akitafuta neno la kumlainishia. “Lakini hakuvaa nyekundu.”

“Amina,” walisema watu.

“Amina,” alisema Lorelie.

Herminia alikuwa analia kwenye upindo wa fulana. Watu walianza kurudi kwenye tambi, sauti zikapanda. Lola peke yake hakuondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa, jicho lake zima likitazama ukingo wa sahani, ambako kona ya karatasi ilikuwa imechungulia.

“Hiki nini?”

Lorelie alihisi damu ikimpanda usoni. “Ya Baba, Lola.”

“Nini ya Baba?”

“Karatasi yake. Ya kusoma. Alikuwa anazisoma zote.”

Lola aliitazama karatasi, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Hakuigusa. Akageuka, akaenda taratibu hadi kwenye kabati la jikoni, akafungua droo ambayo kwa siku arobaini hakuna aliyekuwa ameifungua ila Lorelie, droo ya gundi na rula na kalamu ya bluu, akapekua, akarudi.

“Sasa angesomaje,” alisema kwa hasira, “bila miwani?”

Akaikunjua mikono ya miwani ya Eusebio, akaiweka kando ya sahani, vioo vikitazama karatasi.